Mto Usiofumuliwa

Maziwa tunayanusa kabla ya kumpa mtoto. Uji tunauonja kwa ncha ya ulimi, na maji ya kumwogeshea tunayapima kwa kiwiko. Lakini mto anaoulalia, ule ambao pua yake huzama humo tangu isha mpaka alfajiri, nani kati yetu aliwahi kuuinamia akaunusa? Somoe hakuwahi. Na Somoe alikuwa mama mwangalifu kuliko wengi, hata wenzake kisimani walikuwa wakimcheka kwa uangalifu wake.

Zuhura, binti yake wa pekee, miaka saba kasoro miezi, alirudi siku ya Jumatatu kutoka Nanyamba kwa shangazi yake. Alikaa huko siku arobaini, msimu wa korosho, akarudi mashavu yamejaa, anaruka kwa mguu mmoja kutoka barabarani mpaka mlangoni. Alhamisi asubuhi alikuwa ameketi mkekani, ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi.

Shangazi mtu, Hadija, ndiye aliyemleta na alikuwa bado hajaondoka. Alisimama mlangoni na mtandio wake, akamtazama mtoto, akamtazama mamaye.

"Wifi," alisema, "kwangu mtoto huyu hakukohoa hata kikohozi cha kusafisha koo."

"Alhamdulillahi," Somoe alijibu.

"Sisemi kwa ubaya. Nasema nilichokiona."

"Nimekusikia, wifi."

"Na kule tulichoma korosho, moshi ule unaotoa machozi. Alikaa nami motoni. Mzima! Hapa siku tatu." Akainua vidole vitatu, kana kwamba Somoe hajui kuhesabu. "Siku tatu tu, wifi."

Somoe aliinuka. Alifanya alichokifanya siku zote kifua kikimbana mtoto: aliingia chumbani akatoka na mto, akaupigapiga upate kufura, akamwegemeza Zuhura juu yake, shavu likazama kwenye foronya nyeupe.

Mto huo alishonewa na mama yake mzazi alipoolewa na Selemani. Sufi yake iliokotwa chini ya msufi wa nyuma ya nyumba yao, ikachambuliwa mbegu usiku na mchana, ikashindiliwa mpaka mto ukawa mgumu kama gunia la mpunga. Juu ya foronya huyo bibi yake Zuhura alitia nakshi kwa uzi mwekundu: LALA UNONO. Akamkabidhi bintiye na neno moja. "Huu mto haufumuliwi. Siku utakayoufumua, mumeo ajue safari yako na yake imekwisha." Mwaka mmoja baada ya Zuhura kuacha ziwa, bibi alifariki, na mtoto kwa kuwa hakumbuki sura yake aliuita ule mto Bibi. "Mama, nipe Bibi nilale."

* * *

Zahanati ya kijiji ilikuwa na chumba kimoja na benchi moja. Waliokuwa wakingoja siku hiyo walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, Mzee Mohamedi, mwenye jipu la shingoni, amekaa kichwa upande kama kuku anayesikiliza.

Mganga, Gaudensi, alikuwa kijana wa Newala, mpole, shati lake limefuliwa mpaka limekuwa jepesi. Mlango wa chumba chake haukuwa na pazia, kwa hiyo ugonjwa wa kila mtu ulikuwa wa wote.

"Kilianza lini, mama?"

"Mwaka jana, daktari. Masika. Baada ya kuhamia hapa."

Mzee Mohamedi aligeuka mwili mzima, maana shingo ilikuwa haigeuki.

"Umesemaje, mama? Baada ya kuhamia?"

"Nimeulizwa lini, Mwenyekiti."

"Kwa hiyo kijiji ndicho kimemletea mtoto maradhi? Serikali ituletee kisima, ituletee zahanati hii unayotibiwa, halafu na maradhi?"

"Sijasema hivyo."

"Kila mtu hapa amekusikia."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka. Somoe aliinamisha uso akafunga upya kanga ya mtoto ambayo haikuwa imefunguka. Moyoni alijiuliza: sasa niseme kilianza lini? Wakati walipohamishwa kutoka kitongoji chao karibu na mdomo wa Ruvuma, nyumba mpya ilikuwa miti mitupu bila paa, na mvua iliwakuta humo wiki mbili. Kila kitu kililowa. Alikuwa akiona fahari kwamba hata siku zile aliuokoa mto wa mama yake: aliupandisha juu ya uchaga wa jikoni, katikati ya makopa ya muhogo, akaugeuza kila siku kama mtu anayekausha samaki, mpaka ukakauka. Ukakauka nje. Ndani nani alijua?

Gaudensi alimsikiliza mtoto mgongoni kwa muda mrefu.

"Hii ni pumu, mama. Kuna kitu kinaichokoza. Mara nyingi ni vumbi. Ondoa vumbi anapolala."

"Vumbi gani, daktari? Nafagia mara tatu kwa siku."

"Mara tatu?"

"Akikohoa, mara nne."

Gaudensi alikuna kidevu. "Kuku wanalala ndani?"

"Wawili."

"Watoe. Paka?"

"Sina."

"Moshi wa jiko?"

"Kwa shangazi yake amekaa kwenye moshi wa korosho siku arobaini, daktari, na hakukohoa!"

Hapo mganga aliweka kalamu mezani. Alitazama kalamu yake, akatazama dirisha. Alikuwa na haya ya kusema kwamba hata yeye haelewi. Mwishowe alihesabu vidonge sita kwenye karatasi. "Nusu asubuhi, nusu jioni. Vingine vikija kutoka Mtwara nitakuita."

Hakuuliza habari za mto, na Somoe hakusema. Nani anakwenda zahanati kusimulia habari za mto?

Basi alirudi akafanya kazi. Kuku wakaenda kwa jirani. Sakafu akainyunyizia maji, mkeka akaupiga fimbo mpaka mkono ukafa ganzi, blanketi likaanikwa uani, buibui wakafagiliwa kwenye makuti. Mto haukuwemo katika kazi hiyo, kwa sababu mto ulikuwa upande wa dawa. Foronya aliifua kwa sabuni, akaipiga pasi ya mkaa, akaivika tena juu ya yale yaliyokuwa ndani. Na Zuhura alipokohoa zaidi, akamsogezea mto zaidi.

* * *

"Mama Zuhura," Selemani alisema siku moja baada ya kula, akitoa miba ya samaki kwenye sahani moja baada ya nyingine, ingawa alishamaliza kula. "Dada ameomba kitu."

"Ameomba nini?"

"Amwandikishe Zuhura shule kule Nanyamba. Darasa la kwanza, Januari hii."

"Mpaka lini?"

"Shule ina mpaka lini? Mpaka aimalize."

"Miaka saba, baba Zuhura."

"Unadhani mimi napenda?" Akaweka miba chini. "Kifua chake ndicho kinachosema. Kule mzima, hapa mgonjwa. Mimi nifanyeje? Nibishane na kifua?"

Angekuwepo mjomba wake Somoe, neno hilo lisingepita bila yeye, maana mtoto ni wa kwao pia. Lakini mjomba alivuka Ruvuma kurudi Msumbiji mara nchi hiyo ilipopata uhuru, na salamu zilizotumwa hazikujibiwa. Na hata angekuwepo, Somoe angemwambia nini? Kisimani wanawake walikwisha sema. Walisema damu ya mtoto na ya mama haziivani, na mwingine akasema kuna akina mama ambao mkono wao ni mzito kwa mtoto bila wao kujua. Walinyamaza alipofika, na mmoja wao akamsaidia kujitwisha ndoo kwa upole mwingi mno.

Lililomuumiza si kwamba walisema. Lililomuumiza ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini. Alijaribu. Siku moja alilala mbali na mtoto, upande wa pili wa chumba, ili ajue kama ni pumzi yake inayomdhuru. Akamwachia mto. Zuhura alikohoa mpaka kukacha, na Somoe alikaa kule pembeni akijizuia asimguse, machozi yanamtoka, haelewi.

"Mpeleke," alimwambia mumewe asubuhi.

Siku Hadija alipokuja kumchukua, Somoe alifunga gauni mbili, kanga moja na kitana. Kisha akaenda chumbani, akarudi na mto.

"Huo wa nini tena?" Hadija aliuliza. "Nyumbani kwangu hakuna mito?"

"Ni wa bibi yake, wifi. Mwezi wa kumi alikwenda ghafla, kwenye baiskeli ya babake, hakuuchukua. Sasa anakwenda kukaa. Asije akasahau kwao."

Hadija alikuwa na maneno, lakini alimtazama Somoe usoni akayameza. Hakuwa mwanamke mbaya. Mungu hakumjalia mtoto, na siku ile alikuwa na furaha aliyokuwa akijitahidi kuificha. "Haya, tia," alisema.

* * *

Siku ya kumi na mbili lori lililokuja kubeba korosho za ushirika lilisimama mbele ya nyumba. Dereva, Almas, hakuzima hata injini.

"Mama Zuhura ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Shangazi mtu anasema mtoto hali yake si nzuri. Anasema uje. Na anasema ukifika, ukitoe ulichokituma."

"Nilichokituma? Nini?"

"Mama, mimi nimeambiwa niseme hivyo. Mimi ni dereva. Unapanda au hupandi?"

Alipanda, na kanga aliyoivaa tu.

Nanyamba alifika kabla ya adhuhuri. Hadija alikuwa kibarazani, na majirani wawili, wanawake watu wazima, wamekaa pembeni wakiwa hawana kazi yoyote mikononi.

"Shikamoo, wifi."

Hadija hakuitika. "Mtoto yumo ndani."

Zuhura alikuwa kitandani, ameegemea mto, midomo imekauka, shingo imeingia ndani kila akivuta pumzi. Alipomwona mama yake alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia sare mpya ya shule, sketi na blauzi, uzi wa pindo bado haujakatwa.

"Mwezi wa kumi," Hadija alisema nyuma yake, "alilala kitanda hiki. Chumba hiki. Chakula hiki hiki. Mzima! Sasa siku kumi na moja sijamwona akipumua kama mtu. Niambie, Somoe. Umetuma nini nyumbani kwangu?"

"Wifi! Mimi nitume nini?"

"Ulikuwa hutaki aje. Nilikuona usoni."

"Nilikuwa sitaki. Ni mwanangu. Lakini nimdhuru ili arudi? Wifi, mimi?"

"Ulituma nini?"

"Mtoto na gauni zake mbili."

"Na?"

"Na kanga."

"Na?"

Somoe alifungua mdomo. "Na mto," alisema, na mara tu alipolitamka neno lenyewe lilimshangaza, kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta kisu asichokumbuka kukiweka.

Wote wawili wakautazama.

"Ndani mna nini?" Hadija aliuliza polepole.

"Sufi."

"Na?"

"Sufi tu, wifi! Mama yangu aliitia kwa mkono wake."

"Ufumue."

"Haufumuliwi."

"Kwa nini haufumuliwi?" Hadija akageukia majirani, ambao sasa walikuwa mlangoni. "Mmesikia? Haufumuliwi!"

Afanyeje? Akiufumua, ameivunja nyumba yake, kwa kinywa cha mama yake mwenyewe, na anayeshuhudia ni dada wa mumewe. Asipoufumua, basi amekiri. Aliuchukua mto chini ya kichwa cha Zuhura akaukumbatia, akazamisha uso humo kama alivyokuwa akizamisha kifuani mwa mamaye, akavuta pumzi ndefu kumwomba msamaha.

Ilikuwa mara yake ya kwanza. Chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya makopa yaliyolowa yakavunda. Pua ikamwasha ndani kabisa. Akapiga chafya, mara moja, mara nne, macho yakajaa maji, na alipoutupa mto kitandani mwali wa jua uliopita dirishani ukajaa vumbi jeupe linalozunguka, likashuka, likatua juu ya uso wa mtoto. Zuhura akaanza kukohoa.

Somoe alisimama akiangalia vumbi lile. Mara nne kwa siku amefagia.

"Nipe wembe," alisema.

"Nje!" Hadija alirudi nyuma akijiziba mdomo kwa mtandio. "Uufumulie nje, si humu!"

Uani, chini ya jua, Somoe alikaa chini akakata uzi wa mama yake, tundu baada ya tundu. Mshono ulikuwa wa karibu karibu, wa mtu aliyekusudia udumu. Jirani mmoja alikuwa akisoma Kulhuwallah kwa sauti ya chini, mwingine akajitemea mate kifuani. Mto ulipofunguka haikutoka sufi nyeupe inayong'aa aliyoikumbuka. Yalitoka madonge meusi, na unga wa kijivu, na mavi ya panya, na vijidudu vidogo vilivyokimbia jua. Katikati, panya alishatengeneza nyumba yake akazaa na kuhama.

Hadija alichokoachokoa kwa kijiti, huku na huku, akitafuta hirizi, kitambaa cheusi, mfupa, chochote. Alichokoa kwa muda mrefu.

"Hakuna kitu," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyedhulumiwa.

"Hakuna, wifi."

"Sasa mtoto anaumwa na nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, wifi. Wallahi sijui. Lakini huu haulalii tena."

Wakavichoma vyote pale pale, ikabaki foronya tu. Zuhura, kwenye mkeka wa kibarazani, aliona moshi akalia, "Mama, mnamchoma Bibi!" Mama yake aliendelea kuchochea moto, ingawa ndivyo hata yeye alivyoona.

* * *

Siku hiyo mtoto alilalia kanga iliyokunjwa, kanga iliyofuliwa ikakauka juani. Filimbi haikuondoka. Hadija alimtazama Somoe kwa jicho la kusema, haya, umeona? Siku ya pili ilipungua, wakaogopa kutamka. Siku ya tatu Zuhura aliomba muhogo wa kuchoma. Siku ya nne alimfukuza jogoo wa jirani mpaka barabarani, akarudi anahema, na wanawake wawili waliruka kwa pamoja kumwendea, lakini ilikuwa ni kuhema kwa mtu aliyekimbia tu.

Hadija aliketi kizingitini. Kisha aliingia ndani akarudi na ile sare, akaimalizia pindo, akakata uzi kwa meno.

"Nilishamshonea."

"Nimeiona, wifi. Imependeza."

"Ataivaa huko kwenu?"

"Ataivaa."

"Nilimwachia pindo refu, maana angekuwa anakulia hapa." Akaikunja mara mbili, akailaza juu ya goti la Somoe. "Ikiwa fupi, msiipeleke kwa fundi. Mniletee mimi niikunjue."

"Tutakuletea, wifi."

"Na lile neno nililompa dereva," Hadija alisema akitazama pembeni, "dereva naye ana mdomo."

"Dereva ana mdomo," Somoe alikubali.

* * *

Selemani aliwapokea barabarani. Alimbeba mtoto, akamtazama, akamtikisa kidogo asikie kinalia nini ndani. Kisha akaona foronya, imefuliwa, imekunjwa bapa juu ya furushi.

"Mto uko wapi?"

"Nimeufumua."

Selemani alijua maneno ya mkwewe. Aliambiwa siku ya harusi, mbele ya watu. Alitembea hatua nyingi.

"Mbele ya dada?"

"Mbele ya dada na majirani."

"Kwa hiyo..." Akamteremsha mtoto chini, akajifuta jasho. "Kwa hiyo unaondoka, mama Zuhura?"

Somoe alisimama. Safari nzima alikuwa akijiuliza atasema nini akiulizwa hilo, na sasa lililotoka ni kicheko, cha kwanza tangu masika ya mwaka jana. "Niondoke niende wapi, na nina blanketi la kuchemsha? Na mto wetu wewe na mimi umeshaunusa? Hebu kateke maji."

Alikwenda kuteka maji. Mara mbili aligeuka kumtazama.

Jioni, blanketi likiwa bado kambani, Zuhura alilala kabla ya kula, ubavu, kichwa juu ya kanga iliyokunjwa. Wazazi wake walikuwa mlangoni wakimenya muhogo. Baada ya muda Selemani aliacha kisu.

"Mbona simsikii?"

Kwa mwaka na zaidi nyumba ile ilikuwa imezoea filimbi. Waliilalia na kuiamkia. Sasa ilikuwa kimya mpaka unasikia ganda la muhogo likianguka. Somoe aliinuka, akaingia, akapiga magoti, akaweka mgongo wa mkono chini ya pua ya mtoto. Akangoja. Kikaja kijipumzi cha vuguvugu, kikaondoka, kikaja tena.

"Anapumua?" Selemani aliuliza kwa mnong'ono.

"Anapumua."

"Mbona kimya hivyo?"

"Sijui, baba Zuhura. Labda ndivyo watoto wanavyolala."

Akarudi kukaa. Walimenya muhogo mmoja, wakamenya wa pili. Kisha Selemani alifuta mikono yake kwenye shuka lake, akainuka, akaenda kuweka mkono wake mwenyewe.